Anza na Mlango: Mazungumzo na Wafugaji wa Kuku, Luanda, Vihiga

Mulembe, wazee wangu. Mulembe, akina mama. Mwenyekiti alinipa nafasi ya kuzungumza juu ya mabanda ya kuku, nami nikamwomba ruhusa nizungumzie sehemu moja tu ya banda, yaani mlango. Ahsante kwa kunikubalia.

Sababu ninayo. Mimi ni fundi wa mbao, na banda langu la kwanza nililijenga mwenyewe nyumbani kwa mama. Nguzo za mkaratusi, mabati mapya, kuta zimekandikwa zikakauka vizuri. Mlango niliupiga siku ya mwisho, jioni, kwa mabaki ya mbao, na badala ya bawaba nikagongelea vipande vya raba ya tairi. Ulifungika. Mvua zilipoanza, raba ikalegea, upande wa komeo ukashuka, na kule juu kwenye kona pakabaki mwanya wa kupita ngumi ya mtoto. Niliuona. Nikajiambia nitaurekebisha Jumamosi. Alhamisi asubuhi tulikuta kuku 11 wamelala chini, shingo zimetafunwa, na tetea mmoja hai amejibanza nyuma ya debe la maji. Jirani akasema ni nguchiro, mama akasema ni kanu. Mayai ya matetea wale ndiyo yaliyokuwa yakimnunulia mama sukari na mafuta ya taa. Hakunigombeza. Alichukua jembe akaenda kuchimba shimo la kuwazika, na mimi nikamfuata.

Tangu siku hiyo natengeneza mlango kwanza, halafu ndipo najenga ukuta kuufuata. Nawaomba nanyi mfanye hivyo, kwa sababu ukuta ukishasimama hukaa pale pale. Mlango ndio kiungo cha pekee cha banda kinachotembea kila siku, asubuhi na jioni, jua na mvua, na kila kinachotembea huchakaa.

Tuanze na upana. Mlango wa mtu uwe futi mbili na nusu, ili wilibaro ipite na mbolea yako. Nimeona watu wakitoa samadi kwa ndoo moja moja kwa miaka, kisa mlango ni mwembamba. Chini weka kizingiti cha inchi nane hivi, maranda uliyotandika sakafuni yasimwagike nje. Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, maranda yakirundikana utasukuma mpaka uchoke, na kuku mmoja akikaa nyuma yake utamvunja mguu.

Kuku nao wawe na kamlango kao, sentimita 30 kwa 40, juu kidogo ya maranda. Wengi huweka kibao cha kupanda na kushuka kwa kamba. Ni kizuri, ila kikiwa chepesi mnyama huingiza pua chini akakiinua. Kitobolee tundu pembeni, utie msumari mnene kila usiku.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana ndipo milango mingi ya kwetu inapoharibika. Mbao zako umezipanga wima, ukazishika kwa mbao mbili za kulala, juu na chini. Huo mlango utapinda tu. Unahitaji ubao wa mshazari. Lakini mshazari uanzie wapi? Uanzie chini, upande wa bawaba, ukwee hadi juu, upande wa komeo. Mafundi wengi huugeuza. Fikirieni mgomba wenye mkungu mzito: mnauegemeza mti kutoka chini, na ule mti unabeba kwa kusukumwa. Ubao ukisukumwa huvumilia. Ukiugeuza, uzito wa mlango unauvuta, na kinachobeba ni misumari peke yake. Msimu mmoja misumari imeachia.

Na mvua yetu mnaijua. Kakamega hapo jirani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao hunywa maji zikavimba kwa upana. Ukitengeneza mlango Januari, mbao zimekauka, acha nafasi ya unene wa penseli upande wa komeo, la sivyo Aprili utakuwa unaupiga teke. Nafasi ya chini na ya juu isipitishe kidole, maana panya hahitaji zaidi ya hapo. Chini ya kizingiti zika mawe bapa, mnyama anayechimba akutane nayo.

Juu ya wavu, nasema kwa ufupi. Ule wenye matundu ya pembe sita tunauita wavu wa kuku, na kweli unamzuia kuku asitoke. Mbwa huuchana kwa meno, na nguchiro mdogo hupenya. Tumia wavu wa kuanikia kahawa, kofitrei, na kingo zake uzibane kwa ubao mwembamba juu ya misumari ya U.

Wavu uwe mkubwa kiasi gani? Hilo linategemea unaishi wapi. Dada yangu yuko Ahero, joto la kule mnalijua. Mlango wake ni wavu kuanzia magotini kwenda juu. Shemeji yuko Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni baridi kweli. Wake ni mbao tupu mpaka juu ya vichwa vya kuku waliolala, halafu wavu, na gunia la kuteremsha. Lakini wavu wa juu asiuzibe wote. Samadi hutoa amonia, na kuku akiivuta usiku kucha macho yanaharibika na kifua pia. Sisi hapa tuko katikati, nusu kwa nusu inatutosha. Tazama tu mvua za alasiri hupiga kutoka wapi, uupe mlango upande mwingine.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama zile mashine za kufungua na kufunga mlango zenyewe zinafaa. Mama, kule Uingereza jua mwezi wa Juni huzama baada ya saa tatu usiku, na Desemba kabla ya saa kumi jioni. Mfugaji wa huko saa zinamchanganya. Sisi ikweta inapita hapo Maseno. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, Januari mpaka Desemba, na kuku wameshaingia wenyewe. Usiku kuku haoni, akishalala hahami. Kwa hiyo mpe mtu mmoja wa nyumbani kazi hiyo, jina lake lijulikane, awahesabu ndipo afunge. Asubuhi usikimbilie kufungua. Waache hadi saa tatu au saa nne wamalize kutaga, usije ukatafuta mayai kwenye miwa ya jirani.

Mwizi wa miguu miwili naye yupo, hasa Krismasi ikikaribia. Hagusi kufuli lako. Anakuja na bisibisi anafungua bawaba. Bawaba na pete ya kufuli zifungwe kwa bolti zinazopenya mbao, nati zibaki ndani.

Lakini kufuli ina deni lake. Siafu wakiingia usiku, kuku waliofungiwa wanaliwa hai. Majivu kuzunguka banda husaidia, ila wakishaingia dawa ni kufungua, kuku watoke. Umeamka saa nane usiku, mvua inanyesha, kuku wanalia, na ufunguo uko kwenye koti la baba aliyelala matanga kijiji cha pili. Ufunguo ukae mahali pamoja, kwenye msumari mmoja ndani ya nyumba, na kila mkubwa wa nyumba apajue. Komeo nalo liwe la kufunguka kwa mkono mmoja, maana ule mwingine umeshika tochi.

Nimekuja na mlango mmoja, nimeuegemeza pale kwenye mwembe. Twendeni tuutazame. Mama uliyeuliza swali, tangulia wewe. Fumba macho, ulitafute komeo kwa mkono wa kushoto, na sisi tutahesabu.