Kinda wa Njiwa Hafungui Mdomo

BARAKA: Karibuni tena. Leo nina karatasi mkononi. Nimeandika mambo matano ya kufanya ukiokota kinda wa ndege, na dada Zuhura ameahidi tutayapitia yote.

ZUHURA: Tutayapitia. Ila wiki hii pale kituo cha wanyamapori ninapojitolea, waliletwa makinda wawili wa njiwa ndani ya boksi. Mti umekatwa, kiota chini. Nikapangiwa kuwalisha.

BARAKA: Makinda unawaweza wewe.

ZUHURA: Hawa walinitoa jasho, kaka. Makinda wengi ukitikisa kiota kidogo tu, midomo wazi na kelele juu. Unaweka chakula kooni kwa kibano, basi. Wale wadogo kabisa ni kila nusu saa, au chini ya hapo, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Wa njiwa ukimsogelea na kibano anafumba mdomo. Ukisema umsubiri afungue, utakesha.

BARAKA: Anaogopa?

ZUHURA: Ndivyo alivyoumbwa. Mtoto wa njiwa ndiye anayeingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi, na mzazi anamtapikia. Siku za kwanza hakuna punje, hakuna mdudu, ni maziwa tu.

BARAKA: Subiri. Maziwa?

ZUHURA: Maziwa ya njiwa. Yanatoka kwenye gole, ule mfuko wa chini ya shingo ambako chakula hukaa kabla ya kushuka tumboni. Kuta za gole zinanenepa, zinabanduka, zinakuwa uji mzito wenye protini na mafuta tele. Na baba anayo kama mama.

BARAKA: Baba ana maziwa?

ZUHURA: Anayo! Wanapokezana kuatamia, wanapokezana kulisha. Heroe nao hivyohivyo, dume na jike.

BARAKA: Kina baba mnaotusikiliza, mmesikia.

ZUHURA: Hata homoni ni ileile ya mama anayenyonyesha, prolaktini. Lakini mtu asikimbilie maziwa ya ng'ombe. Ya njiwa hayana ile sukari ya maziwa, na tumbo la ndege haliwezi kuimeng'enya.

BARAKA: Hiyo ni namba tatu kwenye karatasi. Turudi namba moja...

ZUHURA: Ngoja nimalize. Tulichukua bomba la sindano, tukakata ncha, tukafunika mdomo wa hilo bomba kwa bandeji inayonyumbuka, tukaipasua katikati. Kinda anachomeka mdomo pale kama anavyofanya kwa mama...

BARAKA: Au kwa baba.

ZUHURA: Au kwa baba! Akaanza kusukuma na kupigapiga mabawa, gole likajaa hadi unaliona. Nilifurahi, Baraka, nikaita watu. Lakini kabla ya yote tuliwapasha joto. Kinda aliyepoa hameng'enyi kitu, chakula kinachachia goleni.

BARAKA: Joto, ndiyo namba moja. Namba mbili: kinda aliyeota manyoya, anarukaruka chini. Nimeandika, mpeleke kituoni.

ZUHURA: Futa.

BARAKA: Nifute kwa nini?

ZUHURA: Huyo si yatima. Ametoka kiotani mwenyewe, anajifunza kuruka, na wazazi wanamlisha palepale chini. Simama mbali, utawaona wanakuja.

BARAKA: Kwangu kuna paka, wasikilizaji wanawajua.

ZUHURA: Wafungie ndani siku hizo chache.

BARAKA: Na wa jirani? Nimwache kiumbe wa Mungu huku namwona paka juu ya ukuta?

ZUHURA: Mpandishe kwenye kichaka cha karibu. Mama yake hatamkataa kwa sababu umemshika, hayo ni maneno ya watu tu. Sisi kituoni chakula tunampa, lakini nani atamwonyesha kwamba mwewe ni adui?

BARAKA: Aliyeliwa haonyeshwi chochote.

ZUHURA: Na aliyezoea watu, ukimwachia, hajui amkimbie nani.

BARAKA: Atakuwa hai, angalau.

ZUHURA: Kwa muda gani? Unamnyang'anya wazazi walio hai, kaka yangu. Siwezi kukubali hilo.

BARAKA: Na mimi siwezi kumpita na kwenda zangu. Hapa hatukubaliani.

ZUHURA: Hatukubaliani kabisa.

BARAKA: Na dakika zimetuishia, bado namba nne na namba tano.

ZUHURA: Ziache. Nisikilizeni hili: ndege aliyeumwa na paka, hata kama huoni jeraha, mpelekeni siku hiyohiyo. Mdomo wa paka una bakteria wanaoua ndege upesi, anahitaji antibiotiki. Na msimdondoshee maji mdomoni. Tundu la hewa liko hapo nyuma ya ulimi, maji yanaingia mapafuni.

BARAKA: Maji ndiyo ilikuwa namba nne! Kumbe kwenye paka tuko pamoja.

ZUHURA: Kwa paka aliyekwisha kuuma. Wako wafungie.

BARAKA: Namba mbili siifuti. Kwaherini, tukutane wiki ijayo.