Cha Kuokota Kina Mwenyewe: Mhadhara Ngomeni Lamu

Assalaamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira mkaja kukaa kwenye joto la Ngome hii, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie mali iliyopotea na isiyojulikana mwenyewe. Basi nimekuja nayo. Ndani ya leso hii mna funguo tatu. Nimeziokota kwenye ngazi za gati, maji yamekupwa, yapata wiki mbili sasa. Zimeshikanishwa na kitu, na hicho kitu kina alama. Ni kitu gani, alama gani, sisemi.

Wengi wetu tuliosoma chuo cha Kurani tunaijua hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani. Mtu alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza habari za luqata, yaani kitu cha kuokota. Akaambiwa akijue chombo chake na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima. Tazameni mpangilio wake: kujua kwanza, kutangaza baadaye. Mfuko ni wa ngozi au wa nguo? Umefungwa kwa kamba gani? Hayo unakaa nayo wewe, maana ndiyo utakayomuulizia atakayekuja kudai. Ukisimama barazani ukasema umeokota pochi ya kahawia, ina shilingi elfu tatu na picha ya mtoto mwenye kofia, umeshamsomesha mwongo. Kilichobaki ni yeye kuja kuchukua.

Vijana, hapa nawagusa kidogo. Mtu anaokota kitambulisho, anakipiga picha mbele na nyuma, anakirusha kwenye makundi kumi ya WhatsApp. Nambari, tarehe ya kuzaliwa, sahihi, vyote nje. Nia ni njema, sikatai. Lakini jina peke yake lingetosha.

Mafakihi wetu, yaani wanazuoni wa sheria, wa madhehebu ya Kishafi wakapanga hata namna ya kutangaza: mwanzo kila siku, kisha kila wiki, kisha kila mwezi, mpaka mwaka utimie. Kitu kidogo hakingojewi mwaka. Hutangazwa kwa muda ambao mwenyewe angekuwa bado anakitafuta. Na mahali ni sokoni, na milangoni mwa misikiti. Milangoni, si ndani, kwa sababu imepokewa kwamba anayenadi kitu chake kilichopotea ndani ya msikiti aambiwe, "Mwenyezi Mungu asikurudishie." Vipaza sauti vya siku hizi vinahesabiwa ndani au nje? Mashekhe wapo hapa, siwaingilii.

Yule mtu aliendelea kuuliza. Mbuzi au kondoo aliyepotea je? Akaambiwa ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu. Na ngamia? Hapo Mtume alikasirika: una nini naye? Anacho kiriba chake na viatu vyake, atafika majini na atakula miti mpaka bwana wake amkute.

Mimi nikifika hapo huwaona punda wetu. Mgeni anashuka boti ya Manda, anakutana na punda peke yake kwenye kichochoro cha Mkomani, hana mtu wala kamba, anaingiwa na huruma. Nimemwona mmoja kwa macho yangu amemfunga punda kwenye mlango wa nyumba aliyopanga, amemwekea ndoo ya maji na vipande vya mkate, na mwenye punda anazunguka mui wote jua kali akimtafuta. Yule punda alikuwa ameshatua mchanga wake anarudi kwao. Hakuwa amepotea mpaka alipookotwa.

Halafu kuna viatu. Mnacheka, lakini hapa kwetu hakuna kitu kinachobadilisha mikono kama viatu mlangoni mwa msikiti. Nendeni Riyadha siku za Maulidi: ndara za rangi moja, mamia, zimelaliana. Unatoka, vyako havipo, na kimebaki kijozi kimoja chakavu kisichotaka mtu. Je, ni chako sasa? Mafakihi wamelijadili hili kwa urefu, na jibu si jepesi kama unavyotaka liwe. Huenda aliyeviacha hivyo siye aliyechukua vyako. Rudi pekupeku kwanza, kesho uulize.

Serikali nayo haiko mbali sana na mafakihi. Kifungu cha 268 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kinasema aliyeokota na kukitumia kitu hahesabiwi kuwa na nia ya wizi, ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe na ana sababu za maana za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Ukipata kitambulisho ndani ya pochi, huna tena cha kusema humjui. Na pesa zilizokujia kwa simu kwa makosa si za kuokota hata kidogo. Nambari ya mwenyewe unaiona hapo hapo.

Zipo na mali zinazopotea bila kuanguka. Kwa Sheria ya mwaka 2011, akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka 5 hupelekwa kwenye Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na mwenyewe au warithi wake wanaweza kuidai. Mwenye mzee aliyefanya kazi bandarini Mombasa akafariki bila kusema, aulizie.

Miji mingine ilianza zamani. Paris ina ofisi ya vitu vilivyookotwa tangu 1805, chini ya polisi. London walifungua yao ya mabasi na treni mwaka 1933. Tokyo polisi hupokea vitu kwa mamilioni kila mwaka. Huviweka miezi 3, na mwenyewe akipatikana, aliyeokota ana haki ya kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani. Sisi tungeona haya kudai. Lakini kabati lao ninalitamani.

Kwa sababu adabu ya kuokota tunayo, kabati hatuna. Zamani ukitangaza barazani, mwenyewe alikuwa na masikio yake papa hapa. Sasa gati ya kwanza ya bandari ya Kililana imefunguliwa tangu 2021, wafanyakazi wanatoka kila pembe, na msafiri anayevuka kwenda Mokowe, bara, asubuhi, jioni yuko Garissa. Tangazo lako la mlangoni atalisikia vipi?

Na kabati peke yake halitoshi. Niliwahi kusahau begi kwenye basi la kwenda Mombasa. Ofisini kwao karani alinifungulia chumba kimejaa mizigo hadi darini, akanambia, "Tafuta mwenyewe, mzee." Hakuuliza rangi, hakuuliza tarehe, aliendelea na chai yake. Ningeweza kutoka na begi lolote. Langu sikulikuta; nadhani kuna aliyechagua kabla yangu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninachoomba ni kabati moja lenye kufuli pale gatini, na madaftari mawili. La kwanza liwe wazi kwa kila mtu: tarehe, mahali, aina ya kitu, basi. La pili alishike mtunzaji, liandikwe kamba na chombo, na lisisomwe na mwingine. Anayedai aeleze kwanza, daftari lifunguliwe baadaye.

Mpaka hilo kabati lipatikane, kabati ni leso yangu. Tangazo langu la leo ni hili: funguo, gatini. Maswali karibuni. Lakini mwenye funguo asinyooshe mkono. Anisubiri pale chini ya ngazi, aje aninong'oneze.