Nakala ya Hukumu: Misaada ya Nje na Mahakama Zetu

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mbele ya wananchi na wasaidizi wa kisheria)

Mwakeye! Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za asubuhi. Poleni na safari nyote mliotoka Kasulu, Kibondo na Uvinza.

Nimeombwa nizungumzie misaada ya nje katika kurekebisha sheria na mahakama za nchi changa kidemokrasia kama yetu. Naomba nianzie kwenye mfuko wa rambo.

Mwaka 2018, Kigoma ikiwa bado haijapata Mahakama Kuu yake, alinijia mama mmoja mjane. Mkononi ana mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na risiti za ada, hati ya wito iliyokunjwa mara nne, na hukumu ya baraza moja la ardhi, kurasa tisa, Kiingereza kitupu. Akaniwekea mezani, akasema: "Mwanangu, hebu nisomee. Nimeshinda au nimeshindwa?"

Alikuwa hajui. Siku hukumu iliposomwa alisimama, akasikiliza asichokielewa, akaona upande wa pili wanapeana mikono, akaondoka. Alipofuata nakala akaambiwa haijachapwa, arudi wiki ijayo. Alirudi mara nne, na kila mara nauli ni yake. Nilipohesabu, siku 45 za kukata rufaa zilikuwa zimeshapita. Ikabidi tuanze kuomba kuongezewa muda, na maombi hayo yalifunguliwa Tabora. Wazee mnaijua njia hiyo: treni, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, kilometa 400 na ushee, mtu amekumbatia karatasi zake usiku kucha asije akaibiwa. Muda aliongezewa. Lakini wakati wote huo shamba lilikuwa likilimwa na mtu mwingine.

Nawaeleza haya ili mjue mizani yangu. Nikisikia fedha zimekuja kuboresha mahakama, nauliza kwanza: zimemgusa vipi mama yule?

Kuazima sheria kwa wengine tulianza zamani. Waingereza walitutawala kwa sheria walizozitoa India. Mikataba yetu iliongozwa na sheria ya India ya mwaka 1872 hadi tulipotunga yetu mwaka 1961, na upande wa ushahidi tulisubiri hadi 1967. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, alikuwa raia wa Australia. Hakuna aibu katika hilo. Nchi haikuwa na wanasheria Waafrika wa kujaza hata chumba kimoja, na waliofundishwa pale ndio waliokuja kuwa majaji wetu.

Kwenye ardhi ndiko ningependa tukae kidogo, maana ndiko wengi wenu mna kesi.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima, ikakaa na wananchi vijijini, ikawasilisha ripoti mwaka 1992. Ilipendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yasibaki mikononi mwa Serikali peke yake, na kwamba ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikulikubali hilo. Kazi ya kuandika rasimu akapewa Patrick McAuslan, profesa wa Uingereza, kwa msaada wa fedha za Uingereza. Hatimaye zikatoka Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999.

Simsemi vibaya McAuslan. Alikuwa bingwa wa fani yake. Ila shikeni mkononi ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji muone unene wake. Iliandikwa kwa Kiingereza, na anayetakiwa kuitekeleza ni halmashauri ya kijiji: mwenyekiti, mtendaji, na wajumbe wanaotoka shambani na jembe begani. Wananchi walisikilizwa na tume moja, sheria ikaandikwa kwenye meza nyingine. Mpaka leo ninapokuta kijiji kinagombana na mwekezaji, nikiuliza mkutano mkuu uliamua nini, mara nyingi naoneshwa muhtasari ambao wanakijiji wenyewe hawajawahi kusomewa.

Hata hivyo, sheria hizo hizo zinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Hilo lilipiganiwa na wanawake wa nchi hii, wakiwemo wanasheria wa TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na wenzao, waliokuwa wameketi na wajane na kujua wananyang'anywa vipi baada ya arobaini. Walipokea fedha za wafadhili, ndiyo. Lakini hoja ilikuwa yao. Kila ninapomtetea mjane, nasimama juu ya kazi ya akina mama wale.

Sasa niyaseme majengo. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 65 kwa ajili ya kuboresha Mahakama ya Tanzania. Tumezoea kuita msaada. Ule ni mkopo, wa masharti nafuu, lakini mkopo; atakayeulipa ni mtoto uliyembeba mgongoni, dada yangu. Kwa mpango huo tukaona mahakama zinazotembea, magari yaliyozinduliwa mwaka 2019 kwa kuanzia Dar es Salaam na Mwanza. Tukaona vituo jumuishi vya utoaji haki Dodoma, Arusha, Morogoro, Mwanza na Dar es Salaam. Kile cha Temeke kinachoshughulikia mashauri ya familia na mirathi nimekiingia, na nilifurahi: mtu anamaliza mambo yake ndani ya jengo moja badala ya kuzungushwa mji mzima.

Sisi hapa tumepata Mahakama Kuu. Aliyeko Buhigwe hapandi tena treni ya Tabora. Nashukuru kwa moyo wote, maana najua safari ile.

Lakini kesi nyingi za watu wetu zinaanzia na kuishia Mahakama ya Mwanzo. Nimekaa kwenye mabenchi yale mara nyingi. Shahidi anasema sentensi mbili, hakimu anainua mkono: "Subiri niandike." Anaandika kwa kalamu, shahidi anasahau alipofika. Mwisho wa siku kuna jalada la mwandiko wa mkono, na mwenendo wa shauri unasubiri mtu wa kuuchapa. Kwenye kusubiri kuchapiwa kama huko ndiko siku za mama yule zilikopotelea, kule barazani. Mradi wa wafadhili una tarehe ya kufunga na ripoti ya kuandikwa, kwa hiyo unapenda kitu cha kuzinduliwa kwa utepe. Nakala iliyotoka siku ya tatu badala ya siku ya sitini haina utepe.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwangu mimi hayo ni mageuzi makubwa kuliko jengo lolote, na uamuzi wake ulikuwa wetu wenyewe. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa ikitumia Kiswahili miaka yote na haki haikuanguka. Kazi iliyobaki ndiyo inayodai fedha: kutafsiri sheria na kanuni, kuwazoeza mahakimu na majaji kuandika hukumu kwa Kiswahili, kuwapa makarani vifaa vya kunasa na kuchapa. Ukiingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria zetu, utazikuta hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, bure kabisa. Zilizo nyingi bado ni za Kiingereza. Kama mgeni anataka kutukopesha, atukopeshe kwa hilo.

Na tusijisahau. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla, na tarehe 1 Julai USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa. Nyie wasaidizi wa kisheria wengi mlifunzwa kwa fedha za nje. Denmark, kwa mfano, ilianza kuchangia huduma hizi mwaka 2011 kupitia Legal Services Facility, mfuko wa kugharamia msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na utambuzi huo haondoki nao mfadhili. Nauli ya kwenda kijijini ndiyo anayoondoka nayo. Kwa hiyo bajeti ya halmashauri itakapojadiliwa, nendeni kwa madiwani mkaidai nauli hiyo, iwe na kifungu chake. Nitakuja nikae nanyi siku hiyo.

Jambo moja la kuchukua leo leo. Hukumu ikisomwa, siku ile ile mwandikie karani barua ya kuomba nakala, nawe ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Siku ulizokuwa ukisubiri nakala zinaweza kuondolewa kisheria kwenye hesabu ya siku za rufaa, na muhuri ule ndio shahidi wako. Pale mezani mlangoni nimeacha mifano ya barua hiyo, ya Kiswahili.

Mzee wangu mwenye barakashia amenyoosha mkono tangu nilipotaja treni ya Tabora. Mpelekeeni kipaza sauti.