Machozi ya Jackie Coogan na Idhini ya Mzazi

Wasanii wenzangu, na nyinyi wazazi mlioleta watoto wenu kwenye kundi letu la maigizo: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nitaanzia Marekani, kwenye filamu ya The Kid iliyotoka mwaka 1921. Charlie Chaplin, aliyeiongoza filamu hiyo na kuigiza ndani yake, amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba siku moja alimtaka Jackie Coogan, mtoto asiyefikisha hata miaka 7, alie mbele ya kamera, na mtoto hakulia. Baba yake akasema atamliza yeye. Akamwambia kwamba asipolia atatolewa studioni na kupelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Mtoto akabubujikwa na machozi, kamera zikafanya kazi, na kipande kile kinawaliza watu hadi leo. Chaplin alipomtuliza, mtoto alimnong'oneza kwamba alijua baba alikuwa anatania tu.

Neno hilo la mwisho huwafariji wengi. Mimi halinifariji. Mtoto anayejua kwamba ni utani, na bado akalia vile, hatuwezi kumsoma kwa macho. Nani basi, siku ile, alikuwa na kazi ya kumwangalia yeye na si kuangalia kipande? Msanii alikuwa na filamu yake. Mzazi, ambaye kwa desturi ndiye ngao ya mwanawe, alikuwa ndiye anayemtisha.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Jackie alipokuwa mtu mzima alikuta mapato yake, yanayokadiriwa kuwa dola milioni 3 hadi 4, yameyeyuka, kwa sababu sheria ya California wakati ule ilihesabu chumo la mtoto kuwa mali ya wazazi. Mwaka 1938, baba yake akiwa amekwisha kufariki, alimshtaki mama yake na baba yake wa kambo, akaambulia kama dola 126,000. Mwaka 1939 California ikatunga sheria inayoitwa kwa jina lake, na leo asilimia 15 ya mapato ya mtoto msanii huwekwa mahali ambapo mzazi haruhusiwi kuyagusa.

Simsemi mzazi vibaya. Mimi mwenyewe ni mzazi. Ninachosema ni kwamba sahihi ya mzazi hutosha pale ambapo mzazi hana fungu katika jambo lenyewe, na penye ada, sifa au wafuasi wa mtandaoni fungu lipo, hata kama moyo wake ni safi. Ufaransa iliona hivyo mwaka 2020 ilipotunga sheria ya watoto walio chini ya miaka 16 wanaorekodiwa kwa ajili ya majukwaa ya video: sehemu ya fedha huhifadhiwa mpaka wakue, na mtoto anaweza kuomba video zake ziondolewe bila kupitia kwa wazazi.

Uingereza nako hutolewa kibali cha halmashauri kabla mtoto hajapanda jukwaani, na katika mazoezi na maonyesho huwapo mlezi aliyeidhinishwa, asiyepewa zaidi ya watoto 12, ambaye kazi yake ni mtoto tu.

Nilijaribu mfano huo katika igizo letu moja, nikamwomba mwalimu mstaafu akae pembeni. Msichana wa miaka 9 aliigiza mtoto aliyefiwa na mama yake. Mara tatu alilia vizuri mno. Kabla ya mara ya nne alimgeukia mama yake aliyeketi safu ya mbele, mama akaitikia kwa kichwa, nami nikanyanyua mkono tuanze. Mwalimu akasimama, akasema, "Hapana, mwanangu, leo basi." Nilikasirika, sitaficha, nilihisi nimenyang'anywa kipande bora cha igizo zima na mtu asiyejua sanaa.

Usiku ule nilikipanga upya. Msichana akaupa ukumbi mgongo, akawa anaikunja kanga ya mama yake, taratibu, pindo kwa pindo, kisha anaikunjua na kuanza tena. Hakutoa chozi hata moja. Siku ya onyesho ukumbi ulinyamaza kimya, na yeye alipotoka jukwaani aliuliza kama chakula kimekwisha kuja.