Miaka ya Obama Springfield Ambayo Huko Nyumbani Hatuisimulii

Hamjambo popote mnaponitazama, Kisumu, Mombasa, Tanga, Bujumbura. Leo tunaingia Illinois. Obama wa Ikulu ya Marekani mnamjua, wa Kogelo ndiyo usiseme. Mimi leo namtaka yule seneta wa jimbo aliyekaa Springfield, makao makuu ya Illinois, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Ukimfuatilia huyo unaelewa siasa za huku zinavyoendeshwa: hesabu na kalenda kwanza, hotuba baadaye sana.

Tuondoe utata wa neno. Watanzania, nikisema jimbo simaanishi jimbo la uchaguzi. Namaanisha Illinois nzima, yenye gavana wake, sheria zake za jinai na mahakama yake ya juu. Bunge lake lina mabaraza mawili, wawakilishi 118 na maseneta 59. Wakenya nao, msimfananishe seneta huyu na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. MCA hawezi kubadilisha namna polisi wanavyomhoji mtuhumiwa wa mauaji. Huyu anaweza, na tutafika huko.

Kiti chenyewe ni Seneti, eneo namba 13, kusini mwa Chicago, pamoja na mtaa wa Hyde Park. Kilikuwa cha mama mmoja mzito, Alice Palmer. Mwaka 1995 akakiacha kwenda kutafuta ubunge wa Washington, akamuunga mkono Obama amrithi. Novemba akashindwa na Jesse Jackson Jr., halafu akataka kiti chake. Obama akakataa kumpisha. Sasa hapa tulieni, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea.

Kenya saini za wadhamini zinamsumbua zaidi mgombea binafsi. Illinois hata mgombea wa chama, ili jina lake liingie kwenye kura ya mchujo, lazima alete saini za wapiga kura wa eneo lake. Mwaka ule kiwango kilikuwa 757. Siku hizi seneta anahitaji angalau 1,000, na mwisho ni 3,000. Tume ya uchaguzi haikagui kila saini ikipokea fomu. Makaratasi yakionekana yamekamilika, umepita, isipokuwa mtu aweke pingamizi. Kwa hiyo kazi ya kukukagua ni ya mpinzani wako, na ana siku chache tu za kuifanya.

Saini zinakufa vipi? Mtu kaandika jina kwa herufi za chapa badala ya kusaini kama alivyosaini kwenye kadi yake ya usajili. Mtu kahama, anwani aliyoandika siyo iliyomo kwenye daftari. Mtu anakaa mtaa wa pili tu, lakini mtaa ule uko nje ya mpaka. Mke kamsainia mume. Enzi hizo hata aliyezungusha fomu akiwa hajasajiliwa kupiga kura, karatasi yake nzima inatupwa. Juu ya hayo, Chicago ilikuwa imetoka kusafisha daftari lake na kufuta maelfu ya majina, kwa hiyo aliyetegemea orodha ya zamani alikuwa anakusanya saini za watu ambao kisheria hawapo.

Palmer alikusanya kwa haraka, akapeleka kama 1,580. Ukiangalia juujuu, ni mara mbili ya kiwango. Mwaka mpya ulipoanza, watu wa Obama wakaingia ofisi za tume wakapitia jina moja moja dhidi ya daftari. Palmer akabaki na upungufu wa karibu 200, akajitoa. Mpinzani mwingine, Gha-is Askia, alileta 1,899. Zikakatwa 1,211, akabaki na 688, pungufu 69. Wapinzani wote wanne wakatoka. Obama, aliyekuwa amepeleka zaidi ya 3,000, akaingia mchujo wa Machi 1996 peke yake, na eneo lile ni la Democrat mchana na usiku. Kuna wanaoona hii haikuwa haki kwa mama aliyemshika mkono. Mimi naona sheria ilikuwa wazi kwa wote, ila tusijifanye kwamba wananchi walipewa chaguo. Hawakupewa.

Sasa ameingia, na chama chake ni wachache. Rais wa Seneti alikuwa Republican, James Philip, maarufu kwa jina la Pate (ndiyo, kama kisiwa chetu cha Lamu). Illinois kila muswada hupitia kwanza Kamati ya Kanuni, na kamati hiyo iko mkononi mwa Rais wa Seneti. Asipoutaka, hauangushwi kwa kura. Unalala humo mpaka kipindi kinakwisha. Mwanachama wa upande mdogo ana njia moja tu, kutafuta mwenzake wa upande wa pili. Ndivyo ilivyopita sheria ya 1998 ya kuwabana wanasiasa kupokea zawadi, Obama akishirikiana na Kirk Dillard wa Republican. Ndiyo sababu pia ya zile karata za dau dogo alizocheza na maseneta wenzake jioni za Springfield. Watu huziita starehe. Nusu yake ilikuwa kazi.

Mezani kwa seneta kuna vitufe: kijani ndiyo, chekundu hapana, njano "nipo". Muswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya 59 hata nusu ya watu wakiwa hawapo. Maana yake "nipo" inaua muswada sawasawa na hapana, ila haisomeki vibaya kwenye vipeperushi vya mpinzani. Obama aliibonyeza kama mara 130 kati ya kura zipatazo 4,000, na mwaka 2008 akaulizwa sana.

Kalenda sasa. Maseneta wa Illinois hawana muhula wa urefu mmoja: ndani ya miaka kumi kila kiti kina mihula miwili ya miaka minne na mmoja wa miwili. Kiti cha 13 kiligombewa 1996, 1998, kisha 2002. Kwa hiyo mwaka 2000 Obama alipomvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwepo, kugombea ubunge wa Washington na kushindwa vibaya, karibu kura mbili kwa moja, alirudi tu kwenye kiti chake. Na 2004, alipotafuta Seneti ya Washington, muhula wake wa Springfield ulikuwa unakwenda hadi mwanzo wa 2007. Amecheza kamari mara mbili bila kuweka nyumba rehani.

Kati ya hizo mbili kuna ramani. Huku wanasiasa wenyewe ndio wachoraji wa mipaka. Illinois wakikwama, wanachota jina kumpata mwanachama wa kuvunja sare kwenye tume ya mipaka, na Septemba 2001 lilichotwa kutoka kofia ya mtindo wa Abraham Lincoln. Likatoka la Democrat. Eneo la Obama likachorwa upya: Hyde Park ikabaki, mpaka ukapanda kaskazini kando ya ziwa hadi kwa matajiri wa katikati ya jiji, yaani wachangiaji. Kwa ramani hiyo Democrat wakatwaa Seneti mwaka 2002, na Emil Jones Jr. wa Chicago akawa Rais wake.

Jones akamkabidhi Obama miswada ambayo wenzake walikuwa wameihangaikia kwa miaka, na baadhi yao walinuna. Uliokuwa mgumu ni wa kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imetekeleza hukumu ya kifo kwa watu 12 tangu 1977 na kugundua 13 waliohukumiwa kifo kimakosa. Polisi walipinga, gavana alipinga. Obama akakaa nao wote meza moja, kipengele kwa kipengele, na Seneti ikapitisha 58 kwa sifuri. Ilisainiwa Julai 2003: maelezo yasiyorekodiwa kituoni huhesabiwa hayafai mahakamani mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo.

Novemba 2004 alijiuzulu. Uchaguzi mdogo haukuwepo. Viongozi wa chama wa eneo hukaa na kuteua, kila mmoja kwa uzito wa kura za chama zilizopigwa kwenye kata yake. Wakamchukua Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa Illinois.