Matundu 18 ya vyoo: ombi la mtaa linavyopita katika halmashauri ya jiji

(Mhadhara kwa wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa kamati za shule)

Wakubwa zangu shikamooni. Wengine, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna halmashauri ya jiji inavyoendesha shughuli zake. Mada hiyo ukiishika yote kwa saa moja utaishia kusoma majina ya idara. Kwa hiyo nitachukua ombi moja dogo, tulifuate kutoka mtaani mpaka fedha itoke.

Tuseme shule ya msingi ya mtaani kwenu ina wasichana 640. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Wasichana hao wanahitaji matundu 32. Yaliyopo ni 14. Upungufu ni matundu 18. Hilo ndilo ombi letu la leo.

Nimechagua vyoo vya shule kwa makusudi, kwa sababu shule ya msingi iko chini ya halmashauri moja kwa moja. Ningechagua barabara ya mtaa au mtaro wake, tungekwama mlangoni. Tangu Julai 2017 barabara hizo ziko kwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Maji ya bomba yako kwa mamlaka ya maji. Umeme mnajua wenyewe. Diwani akisimama barazani akalalamikia mtaro, atapigiwa meza, kisha azimio litakuwa kumwandikia barua meneja wa TARURA, au kuomba halmashauri itenge chochote katika mapato yake ya ndani ili kuongezea. Kwa hiyo kabla hamjaandika ombi lolote, ulizeni kwanza: jambo hili ni la nani? Nathubutu kusema maombi mengi yanayokufa, hufia hapo.

Sasa wahusika. Watu husema "halmashauri imekataa" bila kujua wanamtaja nani. Chombo cha uamuzi ni baraza la madiwani: madiwani wa kata, madiwani wa viti maalumu, na wabunge wa majimbo ya humo. Mwenyekiti wake ni Mstahiki Meya. Katibu wake ni Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ni mteule wa Rais. Hana kura, ila ndiye anayeitisha vikao, anaandaa ajenda, anaandika mihtasari na ndiye msimamizi wa fedha. Sheria inayowabeba ni ile ya mamlaka za miji, Na. 8 ya mwaka 1982, ambayo leo ni Sura ya 288, pamoja na Kanuni za Kudumu za halmashauri husika. Iwe Tanga, Mbeya au Dodoma, mhimili ni huo huo.

Nije kwenye kalenda, na hapa nitakaa.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Wananchi wengi wanaleta ombi lao Machi au Aprili, mvua zikishaanza na choo kimoja kimetitia. Mwezi huo bajeti ya mwaka unaofuata imeshapita barazani na iko njiani kwenda juu. Afisa atalipokea ombi kwa heshima zote, atagonga mhuri, na kweli litaingia kwenye faili, lakini la mwaka mwingine kabisa. Hesabuni: ombi la Machi 2026 lililokosa bajeti ya Julai 2026 linasubiri ya Julai 2027, likipata bahati.

Wakati mzuri ni Agosti hadi Oktoba. Mkutano wa mtaa unajadili, kamati ya mtaa inaandika, halafu ombi linaingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko mwenyekiti ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na ninyi wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Mwongozo wa bajeti ukitoka mwishoni mwa mwaka, halmashauri inaomba vipaumbele vya kata. Kata isiyokuwa na vipaumbele vilivyoandikwa, mtendaji wake huvibuni ofisini jioni moja. Hapo msilaumu mtu.

Kuhusu maandishi. Muhtasari wa kata ulioandikwa "wananchi waliomba wasaidiwe suala la vyoo" hauna thamani yoyote kwa mchumi wa halmashauri. Suala gani? Vingapi? Wapi? Andikeni hivi: "Kikao kimeazimia ujenzi wa matundu 18 ya vyoo vya wasichana katika shule fulani, wanafunzi wasichana 640, matundu yaliyopo 14, eneo lipo ndani ya kiwanja cha shule, wananchi watachangia mawe, mchanga na kuchimba msingi." Ambatanisha mahudhurio yenye saini. Mwombeni mhandisi wa halmashauri aandae makadirio mapema, na katika makadirio hayo liwemo tundu la mwanafunzi mwenye ulemavu, chumba cha kujihifadhi wasichana, sehemu ya kunawa mikono na tangi la maji. Vitu hivi vikisahauliwa mwanzoni hudaiwa katikati ya ujenzi, fedha inapungua, na jengo linasimama kwenye lenta. Mmeyaona majengo ya namna hiyo.

Ombi likitoka kata linafika idarani. Idara ina ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho haiwezi kukivuka hata ikiwa na sababu njema. Fedha nyingi zinazotoka serikali kuu huja zikiwa na kazi yake: mishahara, ruzuku, miradi iliyokwisha kupangwa. Fedha ambayo baraza lina nafasi ya kuipangia ni mapato ya ndani: ushuru, leseni, ada, vibanda vya masoko, stendi. Nayo haiko huru yote. Asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyofungwa kwa matumizi maalumu, hutengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinachobaki kinagawanywa kati ya uendeshaji na maendeleo. Ndani ya hayo maendeleo, matundu yenu 18 yanakutana na zahanati ya kata nyingine, madawati ya kata ya tatu, na dampo la jiji zima.

Kinyang'anyiro hicho hakifanyikii barazani. Baada ya menejimenti, yaani Mkurugenzi na wakuu wake wa idara na vitengo, mambo huenda kwenye kamati za kudumu. Ya vyoo vya shule itapita kamati inayoshughulikia uchumi, afya na elimu, ambayo hukutana kila robo mwaka. Viwanja, michoro na usafi vina Kamati ya Mipangomiji na Mazingira. Ipo ya kudhibiti UKIMWI, ipo ya maadili. Kisha Kamati ya Fedha, inayoongozwa na Meya mwenyewe na kukutana kila mwezi. Ukinibana niseme nguvu iko wapi, nitakuonyesha chumba hicho. Kwenye kamati diwani anaweza kumuuliza mkuu wa idara maswali kumi mfululizo, akataka kuona karatasi, akasema kifungu hiki kipungue ili kile kiongezeke. Barazani, watu wakiwa wengi na kamera ziko ukumbini, nafasi hiyo haipo. Kamati inawasilisha, baraza linapokea au linarudisha.

Kwa hiyo mjue diwani wenu yuko kamati gani. Kama hayumo kwenye ile ya elimu, mwambieni azungumze na mwenyekiti wa kamati hiyo kabla ya kikao, na aombe shule yenu iingizwe kwenye ziara ya robo ya kukagua miradi. Wajumbe wakishaliona foleni la wasichana saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, mjadala hubadilika.

Mkutano wa kawaida wa baraza ni kila baada ya miezi mitatu. Mara nyingi unachukua siku mbili: siku ya kwanza taarifa za kata, siku ya pili taarifa za kamati. Mpangilio wa ajenda hauna siri: kufungua, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, maswali ya madiwani, taarifa za kamati, kufunga. Uamuzi ni kwa wingi wa kura. Zikilingana, Meya ana kura ya uamuzi. Ila kura ya kuhesabu ni nadra, mara nyingi ni "wanaoafiki waseme ndiyo". Mjumbe mwenye maslahi na jambo, mathalani zabuni ya ndugu yake, anatakiwa atamke na akae pembeni. Likifika jambo la nidhamu ya watumishi, baraza linajigeuza kuwa kamati, na wageni pamoja na wanahabari wanatoka nje. Msidhani mmefukuzwa kwa ubaya.

Katika ajenda hizo zote, inayonivutia ni yatokanayo. Wengi huitumia kunywa chai. Ni jedwali: azimio upande huu, utekelezaji upande ule. Angalieni safu ya utekelezaji. Mkikuta "utekelezaji unaendelea" katika robo ya kwanza, ya pili na ya tatu, maneno yale yale, fahamuni hakuna kilichofanyika. Diwani makini huomba safu hiyo iwe na vitu vitatu: kiasi kilichotolewa, tarehe, na cheo cha mhusika. Mkuu wa idara anayejua robo ijayo ataulizwa tarehe, huchangamka kidogo.

Na kuna makabrasha, yaani nyaraka za kikao. Yanatakiwa yafike kwa wajumbe siku kadhaa kabla. Yakifika usiku wa kuamkia kikao, iwe ni kwa karatasi au kwenye kishikwambi, kurasa mia kadhaa, diwani atatafuta jina la kata yake tu, akilikuta anafunga. Kasoro ya kifungu cha jirani hakuna aliyeiona, na kimepitishwa na wote. Dawa iko kwenye Kanuni za Kudumu: mjumbe anaweza kusimama kuhusu utaratibu, akaomba jambo liahirishwe kwa kuwa nyaraka zilichelewa. Wachache huthubutu, maana kuahirisha kuna gharama, na mwenye kusimama huitwa mkorofi.

Bajeti ikipitishwa na baraza, mwanzoni mwa mwaka, bado ina safari: mkoani kwenye Kamati ya Ushauri, TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), Hazina, kisha Bunge. Ikirudi Julai, wananchi huja na fundi. Subirini. Kilichopitishwa ni ruhusa ya kutumia. Fedha ya mapato ya ndani inakuja kadiri inavyokusanywa. Makusanyo yakiwa chini ya makadirio, mradi mdogo wa mwisho kwenye orodha ndio unaoachwa. Ndiyo maana namba ya kipaumbele katika muhtasari wa kata ina uzito kuliko hotuba.

Fedha ikifika kwenye akaunti ya shule, kosa la kawaida ni haraka. Kamati ya shule inamchukua fundi anayefahamika, saruji inanunuliwa dukani kwa daftari. Ununuzi sasa unapitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, malipo yanapitia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na kila manunuzi yanahitaji stakabadhi ya EFD. Ujenzi wa kutumia fundi wa kawaida unaruhusiwa, lakini nao una taratibu: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, na mtu mmoja asiwe kwenye zaidi ya moja. Aliyenunua akijipokelea mwenyewe, mkaguzi haangalii kama choo ni kizuri. Anaandika hoja, yaani kasoro inayotakiwa kujibiwa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilishwa Bungeni Aprili, kisha baraza hukaa kikao maalumu kujibu hoja moja moja. Hoja isiyofungwa hurudi mwaka unaofuata ikiwa na alama ya kuwa ni ya zamani, na kata iliyosababisha hukumbukwa wakati wa kugawa fedha.

Nimepata maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza: je, diwani anaweza kumwamuru Mkurugenzi au mwalimu mkuu? Diwani mmoja, hapana. Baraza kwa azimio, ndiyo, ndani ya sheria na bajeti. Diwani anayekwenda shuleni kumwamuru mwalimu mkuu alipe fundi fulani anamwingiza mwalimu matatani, kwa kuwa saini itakayoulizwa ni ya mwalimu.

La pili: mwananchi anaweza kuhudhuria? Mkutano wa baraza uko wazi; unaingia, unakaa sehemu ya wageni, husemi. Vikao vya kamati haviko wazi. Mkitaka muhtasari wa baraza, mwandikieni Mkurugenzi barua, mtaje tarehe ya mkutano na namba ya ajenda. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa siku 30 za kujibu. Mjue tu kwamba muhtasari haujawa rasmi mpaka uthibitishwe kwenye mkutano unaofuata. Azimio la Februari, karatasi yake iliyothibitishwa mtaipata baada ya kikao cha Mei. Mwenye haraka akae ukumbini na daftari lake.