Bati la negativu juu ya kabati la bibi

DADA: Asalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena. Leo kaka yangu kaja na bati la biskuti, nikadhani chai imekamilika kumbe ndani negativu tupu, zile filamu za picha ambazo weusi na weupe umegeuka!

KAKA: Waalaykum salaam dada. Hili lilikuwa juu ya kabati la bibi huko Unguja, za black and white zote, zimekatwa sita sita zikafungwa kwenye kaki. Picha zenyewe nyingi zilishapotea, watu waliazima "nikamuonyeshe mama nitarudisha", ndo ikawa basi.

DADA: Hizo hazirudi. Alipiga nani, studio?

KAKA: Babu mwenyewe, kamera ya kuazima. Za studio unazijua, kama zile za Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Mji Mkongwe, aliifungua mwaka 1930, mtu kavaa kakaa sawa taa imempata vizuri. Za babu ni za uani, kuku kapita, mtu anacheka nusu.

DADA: Sasa umezitoaje humo?

KAKA: Skana ya kawaida ya ofisini haifai, inakupa weusi tu, negativu inataka mwanga upite kwa nyuma. Kwa hiyo nikachukua tableti, nikaweka ukurasa mweupe mtupu, mwanga mpaka mwisho, juu yake kioo cha fremu nimekiinua kwa vitabu, maana ukiilaza moja kwa moja kwenye skrini vile vidoti vya skrini vinaingia kwenye picha. Taa ya chumbani nazima, kamera kwenye stendi inatazama chini, napiga kwa taima mkono usije ukatikisa.

DADA: Na simu je?

KAKA: Simu inafaa kuanzia. Upande unaong'aa ndo utazame juu, ukikosea watu wanatoka kushoto kulia. Halafu kwenye programu, GIMP ni ya bure, unageuza weusi uwe weupe. Za rangi ndo zina kazi, ile filamu yake ya chungwachungwa ukiigeuza picha yote inakuwa bluu, inabidi usawazishe.

DADA: Na vumbi lote hili la kwetu?

KAKA: Usipulize kwa mdomo! Mate yakiruka yanaacha alama. Tumia kile kipira cha kubonyeza kinachotoa hewa, na ushike kingo tu. Picha moja kwenye negativu ni milimita 24 kwa 36, unyoya ukiukuza unakuwa kamba usoni mwa mtu.

DADA: Nionyeshe ile uliyonitumia usiku.

KAKA: Hii. Picha yake ya karatasi tunayo sebuleni miaka yote, mama mchanga kakaa kwenye mkeka, nyuma kanga imetandazwa. Sasa aliyeisafisha alikata pembeni, kwenye negativu kuna zaidi, tazama huku kulia, mkono umeshika pindo la kanga isianguke, una bangili mbili. Nikampelekea bibi simu, akakaa kimya, akasema "huo mkono wa mama yangu". Dada, hatuna picha yake hata moja. Mkono tu.

DADA: Subhanallah.

KAKA: Tangu siku hiyo kila picha namrekodi bibi kwa sauti, nani huyu, nyumba ya nani, sherehe gani, faili naliandika majina hapohapo, maana sisi wajukuu hatujui hata nusu ya hao watu.

DADA: Kwenye grupu la familia umezirusha zote?

KAKA: Hapana. Wengine wapo vichwa wazi, walipigwa nyumbani kwao wakijua ni za nyumbani, na wengine ni marehemu. Nauliza kwanza, mwenyewe au wanawe, wakikataa nimekataa. Na ninazotuma natuma kama dokyumenti, ukituma kama picha WhatsApp inaibana uzuri wote unakwisha.

DADA: Bibi anasemaje?

KAKA: Anasema bati jingine liko kwa mdogo wake Pemba.

DADA: Unakwenda lini?

KAKA: Jumamosi, boti ya asubuhi.